Nyundo ya Kukwea Majabali: Vile Unaweza Kujiundia Yako na Ekseli ya Pikapu

Ukiwa kwa basi ya Mombasa na umefika Maungu, hebu toa macho kwa simu uangalie upande wa kulia. Ule mlima umesimama pekee yake huko mbele ya tambarare unaitwa Kasigau. Uko mita 1,641 juu ya bahari, na vijiji kama Makwasinyi, Jora, Rukanga na Bungule vimekaa miguuni pake. Pande zingine za huo mlima ni msitu. Pande zingine ni jiwe tupu, limesimama wima kama ghorofa ya Upper Hill, tofauti ni kwamba hakuna lifti. Wasee wengi huliangalia jiwe, wanapiga selfi, wanaenda zao. Lakini kuna wale wachache, wamechizi kidogo, ambao huuliza: sasa hapo mtu anapandaje?

Anapanda na kamba, na roho ngumu, na kama ukuta ni mrefu sana na nyufa zake ni nyembamba, anapanda na nyundo. Story ya leo ni hiyo nyundo. Kati ya vyuma vyote ambavyo mkweaji hubeba, hicho ndicho wewe unaweza kukaa chini na fundi wa jua kali mkakiunda kwa mkono, kama hobi ya wikendi, bila kuweka maisha yako rehani. Karibu bila kuweka, wacha niseme hivyo. Tutafika hapo.

Kwanza uelewe kazi yake. Kuna kuta ambazo humalizi kwa siku moja. El Capitan, kule Yosemite, Marekani, ina karibu mita 900. Watu wa kwanza kuimaliza, Warren Harding na wenzake, mwaka wa 1958, walitumia siku 45 za kazi, zikiwa zimetawanyika kwa mwaka mmoja na nusu. Ukuta kama huo unalala ukining'inia, unakula ukining'inia, na ile ingine pia ukining'inia, usiniulize zaidi. Ili usianguke, unachukua kipande cha chuma kinaitwa pitoni, kama msumari bapa wenye tundu kichwani, unakigongelea ndani ya ufa wa jiwe, halafu unafunga kamba kwa hilo tundu na karabina. Pitoni ikiingia vizuri inaimba: kila pigo sauti inapanda juu, ting, ting, ting. Ukisikia imetoa "dup" kama ya sufuria imepasuka, hiyo usiitegemee. Ukimaliza kupita, mwenzako anayekufuata anaigonga kulia na kushoto mpaka inalegea, anaitoa, mnaenda nayo juu. Kwa siku moja mtu anaweza kugonga mara elfu na zaidi, mkono mmoja, mwingine umeshikilia mlima.

Sasa ndiyo ujue kwa nini nyundo ya seremala ya hardware haitoshi. Kichwa chake ni kama gramu 450, imeundwa kugonga msumari laini kwa mbao. Pitoni ni chuma kigumu. Zile kucha za kung'oa misumari hazikusaidii, zinakuchoma tu mgongo. Nyundo ya ukuta ina kichwa kizito zaidi, gramu 600 hadi 700 hivi, uso mmoja bapa wa kugongea, na upande ule mwingine mdomo mnene butu wa kusukumia na kusafishia ufa. Kichwani kuna tundu moja. Hapo unaweka karabina na mnyororo mfupi, unafunga kwa pitoni iliyokwama, unarusha nyundo juu kwa nguvu, pitoni inatoka. Mpini ni mfupi, sentimita 25 hadi 30, na mwisho wake una kamba inayofungwa kwako.

Hiyo kamba si ya urembo. Nyundo ikikuponyoka kutoka mita 60, ambayo ni urefu wa kamba moja ya kawaida ya kukwea, itafika chini ikienda karibu kilomita 120 kwa saa. Hiyo ni spidi ya Madaraka Express ikipita Voi. Na chini kuna mwenzako amesimama akikushikilia kamba, akiangalia juu.

Kuunda vitu kama hivi kwa mkono sio mambo mapya, na sio ya wazungu wa mbali pekee. Stori kali zaidi ni ya hapa Kenya. Mwaka wa 1943, Mwitaliano Felice Benuzzi alikuwa mfungwa wa vita wa Waingereza kwa kambi nambari 354, Nanyuki. Kila asubuhi anauona Mlima Kenya, na hana kitu cha kufanya. Akaamua kutoroka na wenzake wawili, Balletto na Barsotti, si kurudi kwao, ni kupanda tu huo mlima. Hawakuwa na vifaa. Nyundo zilitolewa kisirisiri, mfungwa mwenzao aliyejua kufua chuma akazigeuza shoka za barafu. Kamba walitoa kwa katani ya vitanda vyao. Ramani? Picha ya mlima kwa lebo ya mkebe wa nyama. Tarehe 6 Februari Benuzzi na Balletto wakasimama Point Lenana na bendera ya Italia, halafu, manze, wakarudi kambini wenyewe. Wakahukumiwa siku 28 za kufungiwa peke yao, mkuu wa kambi akazipunguza zikawa 7 kwa sababu jamaa alivutiwa na hiyo michezo yao.

Huko Yosemite nako, miaka ya 1940, alikuwepo John Salathé, mhunzi kutoka Uswisi. Pitoni za wakati huo zilikuwa chuma laini, zinajikunja kwa jiwe gumu. Yeye akafua zake kwa chuma kikali, na inasemekana alitumia ekseli ya gari kuukuu la Ford. Miaka kumi baadaye kijana anaitwa Yvon Chouinard akanunua jiko la mhunzi la mtumba mwaka wa 1957, akajifundisha, akaanza kuuza pitoni dola moja na nusu kutoka kwa buti ya gari lake. Huyo ndiye baadaye alianzisha Patagonia. Hizo jaketi unaziona Gikomba, mizizi yake ni hapo kwa makaa.

Na ukidhani Makwasinyi haina haki ya hii story, sikia: wanaakiolojia wakiongozwa na Chapurukha Kusimba wamekuta karibu na Kasigau mabaki ya mahali watu walikuwa wanayeyusha chuma zamani, kabla ya reli na kabla ya mkoloni. Yale mabaki meusi yanayobaki kwa tanuru Kiswahili kinayaita mavi ya chuma. Ndiyo, ni neno halali, usicheke.

Haya, tuunde.

Chuma ndicho kitu cha kwanza na ndicho watu hukosea. Nondo ya kujengea ni laini, uso utajikunja kama mkate. Springi ya lori ni chuma kizuri lakini ni bapa, haitoshi unene wa kichwa. Unataka ekseli ya pikapu, ile mafundi wanaita hafu shafti, yenye unene wa milimita 32 au zaidi. Kipande cha sentimita 12 kinatoa kama gramu 750, na ukishatoboa na kusaga utabaki na ile gramu 650 unayoitaka. Ukitaka kuhakikisha, kiweke kwa grainda uangalie cheche: chuma laini hutoa mistari mirefu iliyonyooka, chuma kikali cheche zake zinapasuka kama vinyota. Na usishawishike na mtu wa Voi akikuuzia "kipande kidogo tu" cha reli. Reli ni fuawe safi, hilo ni kweli, lakini imetoka wapi? Januari 2022 serikali ilifunga biashara yote ya skrepu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya watu kung'oa vyuma vya umma. Nunua kwa gereji, omba risiti.

Jiko si lazima liwe kubwa. Shimo lenye udongo wa mfinyanzi, bomba la chuma, na feni ya kupuliza. Kuna wasee wanatumia bloo drai ya saluni na inafanya. Makaa ya vifuu vya nazi yanawaka moto mkali. Usikate miti ya huko kujichomea makaa: msitu unaozunguka Kasigau uko kwa mradi wa kaboni, na mti ukisimama ndio unaleta pesa kijijini. Na chuma chochote chenye rangi ya mabati kikae mbali na moto wako, moshi wa zinki unakulaza.

Pasha chuma mpaka kiwe rangi ya chungwa. Kikianza kurusha cheche chenyewe kikiwa motoni, umekichoma, tupa. Toboa jicho la mpini ukiwa nacho chungwa, kwa tindo, nusu kutoka upande huu, nusu kutoka ule, ili likutane katikati. Jicho liwe la yai, sio la duara, la sivyo kichwa kitazunguka kwa mpini. Kama mkono bado ni mgeni, toboa matundu mawili kwa drili kikiwa baridi, halafu uunganishe kwa tupa. Hakuna aibu. Fua mdomo, toboa lile tundu la karabina, milimita 12 inatosha, na saga kingo zote za uso ziwe mviringo.

Sasa hapa ndipo pale nilisema "karibu". Ugumu wa chuma haujionyeshi kwa macho. Ukikiacha laini, nyundo inakuwa uyoga baada ya wiki. Ukikifanya kigumu sana, siku moja kinapiga pitoni na kipande kinaruka, na kipande cha chuma kikiruka hakichagui, kinaingia kwa jicho. Kwa hivyo fanya hivi. Pasha uso peke yake, sio jicho la mpini, ukigusisha sumaku. Sumaku ikiacha kushika, ongeza moto kidogo tu, halafu zamisha uso ndani ya mafuta ya kupikia yaliyopashwa kidogo, kwa mkebe wa chuma wenye kifuniko. Usitumie maji, hicho chuma kinaweza kupasuka. Usitumie oili chafu ya injini pia, huo moshi ni sumu. Mafuta yanaweza kuwaka, ndiyo maana ya kifuniko, na ndiyo maana hufanyi hii kazi ndani ya nyumba ya kupanga.

Kikipoa, kimekuwa kigumu kama glasi, na kama glasi kinavunjika. Ng'arisha uso kwa msasa, halafu pasha polepole kutoka katikati ya kichwa. Rangi zitatembea kuelekea usoni: majani makavu, kahawia, zambarau, samawati. Zambarau ikifika usoni na samawati iko nyuma yake, toa, poesha. Hapo ndipo penyewe. Fanya hivyo na uso, kisha mdomo. Jicho la mpini lisipoguswa linabaki laini, na ndivyo unavyotaka, kwa sababu hapo ndipo nguvu zote za kurusha zinaishia.

Mpini, tafuta mkwaju au mkole mkavu, nyuzi zake zikiwa zimenyooka kutoka juu mpaka chini. Uingie kwa kubanwa, kabari ya mbao kwanza, ya chuma ikivuka juu yake. Toboa mwisho, pitisha kamba.

Kabla hujaipeleka popote, vaa miwani ya kinga, gonga gogo mara 200 na kipande cha ekseli kilichobaki mara 200. Angalia uso kama una ufa, tikisa kichwa. Kikitikisika, toa kabari anza upya. Na hiyo confidence ikikupata, isivuke hapo: pitoni na karabina nunua za kiwanda. Nyundo inagonga tu. Hizo zingine zinashika mwili wako, na hazina majaribio ya mara ya pili.

Kuna jambo moja ambalo Chouinard mwenyewe alilijua kabla ya wengi. Pitoni ikigongwa na kutolewa mara mia kwa ufa ule ule, jiwe linakatika, ufa unapanuka, kovu linabaki. Mwaka wa 1972, akiwa bado anapata pesa kwa pitoni, alitoa katalogi iliyowaambia wateja waziwache, watumie vyuma vya kupachika kwa mkono bila kugonga. Kwa hivyo ukifika Makwasinyi na nyundo yako mpya inang'aa, usianze kujaribu kwa jiwe la wenyewe. Ongea na wazee, chukua mtu wa kijijini akuongoze, na mkiangalia ufa, ulizaneni kwanza kama chuma cha kupachika kinaingia. Mara nyingi kinaingia. Hapo nyundo inabaki imening'inia kiunoni siku nzima, na fundi wa Makwasinyi akiiona atataka kuishika, aipime kwa mkono, na akuulize ni ekseli ya gari gani.