Mmea wa Yohana na Dawa za Hospitali: Mwingiliano Usioonekana kwa Macho

Miongoni mwa virutubisho vya mitishamba vinavyouzwa kwa ahadi ya kuondoa huzuni, umo mmoja ambao wahudumu wa afya na wagonjwa hawana budi kuutambua kwa jina. Ni mmea wenye maua ya manjano uliotumika Ulaya kwa karne nyingi, na wanasayansi huuita Hypericum perforatum. Kwenye chupa na paketi huandikwa St John's wort, yaani mmea wa Mtakatifu Yohana, kwa sababu huko kwao huchanua karibu na sikukuu ya kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji, tarehe 24 Juni. Huuzwa kama vidonge, matone au majani ya chai, na mara nyingi hununuliwa bila cheti cha daktari. Katika makala haya utaitwa mmea wa Yohana.

Usichanganywe na ndugu zake. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ikiwemo milima ya Kilimanjaro, huota Hypericum revolutum, nao una maua ya manjano. Hiyo ni spishi nyingine, na matokeo ya utafiti wa mmea mmoja hayawezi kuhamishiwa mwingine kwa kufanana kwa maua.

Je, unatibu?

Jibu la haki ni kwamba unaweza kusaidia. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2008 yalikusanya majaribio 29 yaliyohusisha wagonjwa 5,489 wenye sonona. Kwa jumla, mmea huu uliwazidi wagonjwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, ukakaribiana na dawa za kawaida za sonona, na watumiaji wake wachache zaidi waliacha tiba kwa sababu ya madhara. Hata hivyo, majaribio yaliyofanyika katika nchi zinazozungumza Kijerumani, ambako mmea huu umezoeleka, yalionyesha mafanikio makubwa kuliko ya kwingineko. Kwa sonona kali, ushahidi hautoshi kuutegemea.

Kwa hiyo si haki kumcheka mgonjwa anayesema kwamba umemsaidia. Lakini hapo hapo ndipo tahadhari inapoanzia. Kitu chenye uwezo wa kutibu ni dawa, hata kama kimetoka shambani, na dawa hukutana na dawa nyingine mwilini.

Kinachotokea ndani ya ini

Mmea wa Yohana una kemikali iitwayo haiperforini. Kemikali hii huamsha kipokezi kilichomo ndani ya seli za ini na utumbo, ambacho kazi yake ni kuuarifu mwili kwamba vitu vigeni vimeingia. Mwili huitikia kwa kutengeneza vimeng'enya zaidi vya kuvunja dawa, hasa kile kiitwacho CYP3A4, pamoja na protini zinazozisukuma dawa kutoka ndani ya seli za utumbo ili zisifyonzwe.

Ni kama mwenye shamba aliyeajiri vibarua wengi kwa ajili ya gugu moja. Vibarua hao hawachagui. Watang'oa na mahindi. Dawa aliyomeza mgonjwa kwa ajili ya VVU, malaria au kuzuia mimba huvunjwa upesi kuliko ilivyokusudiwa, na kiwango chake katika damu hushuka. Mgonjwa hasikii maumivu wala haoni dalili.

Wahudumu wanaifahamu tabia hii kwa rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Ndiyo sababu mgonjwa anayetumia rifampisini hupewa dolutegraviri miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Tofauti ni kwamba rifampisini huandikwa kwenye faili, ilhali mmea wa Yohana hukaa kabatini nyumbani.

Ushahidi uliowaamsha watafiti

Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani waliwapa watu wenye afya njema indinaviri, dawa ya VVU iliyotumika wakati huo, kisha wakawaongezea mmea wa Yohana kwa siku 14. Kiasi cha indinaviri kilichofika katika damu kilipungua kwa wastani wa asilimia 57. Mwaka huo huo, madaktari wa Zurich, Uswisi, walieleza habari za wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo ambao miili yao ilianza kuukataa moyo mpya baada ya kuanza kutumia mmea huu. Kiwango cha siklosporini, dawa inayouzuia mwili kukikataa kiungo kilichopandikizwa, kilikuwa kimeshuka.

Dawa zinazopaswa kuangaliwa

- Dawa za kufubaza VVU. Dolutegraviri, iliyomo katika kidonge cha TLD, hupungua nguvu ikiambatana na mmea huu. Kiwango kikishuka, virusi hupata mwanya wa kuongezeka na kujenga usugu.
- Dawa mseto ya malaria yenye artemetha na lumefantrini. Maelezo rasmi ya dawa hii yanakataza isitumiwe pamoja na mmea wa Yohana.
- Vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Mimba zisizotarajiwa zimeripotiwa, na mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo kuhusu vijiti. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi haviathiriwi kwa namna hiyo.
- Warfarini, digoksini, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu kama nifedipini.
- Siklosporini na takrolimasi kwa waliopandikizwa figo au kiungo kingine.

Hatari ya pili ni ya aina nyingine. Mmea wa Yohana huongeza kazi ya serotonini katika ubongo. Ukichanganywa na fluoksetini, setralini, amitriptilini au dawa ya maumivu ya tramadoli, serotonini inaweza kupita kiasi. Mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho jingi, huhara, moyo humwenda mbio, misuli hukakamaa na akili huchanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya hospitali. Kwa mtu mwenye maradhi ya hisia za kupanda na kushuka, mmea huu unaweza pia kuamsha msisimko uliopita kiasi.

Kuacha nako kuna hatari

Vimeng'enya huongezeka kwa siku kadhaa, na mmea ukiachwa huchukua takribani wiki mbili kurudi kawaida. Mgonjwa aliyeongezewa warfarini wakati akitumia mmea huu bila daktari kujua, kisha akauacha kimya kimya, anaweza kuvuja damu siku chache baadaye kwa dozi ile ile. Anayetumia kijiti au vidonge vya uzazi wa mpango anahitaji kinga ya ziada wakati wote wa matumizi na kwa wiki nne baada ya kuacha.

Kwa wahudumu wa afya

Swali "Unatumia dawa nyingine?" halitoshi, kwa kuwa wengi hawauhesabu mmea huu kuwa dawa. Ulizeni hivi: "Je, kuna chai, matone au kidonge chochote unachotumia kwa ajili ya mawazo, huzuni au usingizi?" Liulizwe kwa upole, na jibu liandikwe kwenye faili.

Swali hili lina uzito wa pekee pale wingi wa virusi unapopanda kwa mgonjwa anayeapa kwamba hajaruka dozi. Mara nyingi huhesabiwa kuwa mtoro wa dawa na hukemewa, kumbe huenda anasema kweli. Na akikiri kutumia mmea huu, kumwambia auache bila kuitibu sonona yake ni kumrudishia mzigo uliompeleka dukani. Apimwe sonona, apewe ushauri nasaha au dawa isiyogongana na dawa zake.

Kwa mgonjwa

Peleka kliniki chupa au paketi yenyewe, kwa maana kiasi cha haiperforini hutofautiana kati ya bidhaa na bidhaa. Usianze mmea huu, wala usiuache, kabla ya kuzungumza na daktari au mfamasia. Usiache dawa zako za hospitali ili uutumie. Na huzuni ikizidi hata ukafikiria kujidhuru, usingoje mmea wala miadi. Mwambie mtu wa karibu akufikishe hospitali siku hiyo hiyo.