Mtoto yuko kwenye majaribio: pesa ya koli si pesa ya nyumba

Hapa Lubumbashi maduka mengi siku hizi yanauza kwa simu. Mteja anaona viatu kwenye WhatsApp, anaagiza, na kijana wa pikipiki anampelekea koli mpaka mlangoni. Katika jamaa zetu wengi wameanza kazi hiyo, na neno la kwanza wanaloambiwa ni kwamba watakuwa kwanza kwenye majaribio.

Tunadhani kinachoangaliwa ni namna anavyoendesha. Kuendesha wanajua wengi. Kinachomponza mgeni wa kazi ni hesabu ya jioni. Mteja hulipa anapopokea koli: huyu kwa dola, huyu kwa franka, yule kwa M-Pesa au Airtel Money. Nanyi mnajua mambo ya dola zetu: ikipasuka kidogo tu pembeni, hata kama ni ya kweli, hakuna anayeitaka. Mwenye kazi naye ataikataa, na hasara itabaki kwa shofere. Basi aitazame noti mbele ya mteja, kwenye mwanga, kabla hajatoa koli. Akiambiwa "nimekwisha kutuma", asubiri ujumbe uingie kwenye simu inayopokea malipo. Kuonyeshwa simu ya mteja hakutoshi. Na bei ya dola kwa franka aiulize asubuhi kazini, asijipangie njiani.

Sasa sisi wa nyumbani. Kijana anarudi usiku, ofisi imefungwa, mfukoni ana pesa ya siku nzima. Unga wa bukari umekwisha. Mama anasema, "Nipe kidogo, mwanangu, kesho tutarudisha." Atakataaje? Na kesho yake likelemba haijatoka, deni la jirani halijalipwa, naye anafika kazini na pesa pungufu. Mwenye kazi hatauliza kama watoto walilala njaa. Ataandika kwamba huyu si mwaminifu. Pesa hiyo ihesabiwe, ifungwe ndani ya bahasha, ilale hivyo hivyo. Ikibidi kukopa, tukope kwa wenzetu wa chama. Naona ni vigumu, hasa mwisho wa mwezi, lakini bahasha ile tusiifungue.

Kuhusu njia: Katuba, Kenya au Ruashi, jina la avenue peke yake halitoshi, na namba nyingi za nyumba zimefutika. Apige simu kabla ya kutoka, aulize kanisa lililo karibu, duka, rangi ya lango, kisha aandike kwenye daftari lake. Mteja asipokuwepo, koli isiachwe kwa jirani mpaka mteja mwenyewe akubali, na jirani huyo atie sahihi. Tangu Novemba mpaka Machi mvua haina adabu, kwa hiyo asikose plastiki nzito ya kufunika mizigo. Koli ikilowa au kuvunjika, aseme saa ile ile, asingoje mteja alalamike.

Binti zetu wanaofanya kazi hii wakabidhi koli langoni. Mteja akisema "ingia ndani nikuhesabie pesa", amjibu kwa heshima kwamba anangoja nje. Hakuna koli inayostahili zaidi ya hapo.

Jambo la mwisho ni la sheria, na wengi hawalijui. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya mwaka 2002, inataka majaribio yaandikwe kwenye karatasi. Kwa mfanyakazi asiye na ufundi hayapiti mwezi 1. Kwa wengine hayapiti miezi 6. Akiendelea kufanya kazi baada ya muda huo, kontra yake imethibitishwa yenyewe. Kwa hiyo kijana anayeambiwa mwezi wa nane kwamba bado anajaribiwa, anaweza kwenda kuuliza kwenye ofisi ya Inspection du Travail. Lakini huko wataomba kuona karatasi. Siku anapotia sahihi, aombe kopi yake, na mama aitunze pamoja na kadi za chanjo za watoto, mahali pasipofika mvua wala panya.