Kabla ya kulipia jina la mgahawa, shika kiwanja

WENGI wanaotaka kufungua mgahawa kwa jina la kampuni kubwa huanza kwa kuhesabu majiko, mashine za kukaangia na mishahara. Suala la kiwanja huachiwa dalali. Historia ya McDonald's ya Marekani inaonyesha kuwa hesabu hiyo huanzia mwisho.

Ray Kroc alifungua mgahawa wake wa kwanza wa McDonald's mjini Des Plaines, Illinois, mwaka 1955. Wengine aliwauzia haki ya kutumia jina, nao wakamlipa asilimia 1.9 ya mauzo. Katika hiyo, asilimia 0.5 ya mauzo ilikwenda kwa ndugu wawili walioanzisha biashara hiyo. Kilichobaki hakikutosha kukuza kampuni.

Mwaka 1956, Harry Sonneborn aliyesimamia fedha alileta mpango mwingine. Iliundwa kampuni ya ardhi, Franchise Realty Corporation, ambayo ilikodi viwanja kwa miaka mingi, ikapata mkopo wa kujenga, kisha ikampangisha mwendesha mgahawa kwa kodi ya juu zaidi. Mwendeshaji alilipa kodi ya kiwango maalumu au asilimia ya mauzo, kutegemea ipi ni kubwa.

Mpango huo ulileta faida, na pia fimbo. Mwendeshaji aliyevunja masharti ya usafi au ya chakula angeweza kupoteza jina na jengo kwa pamoja.

Hivyo, kabla ya kulipia jina, mfanyabiashara aulize mambo matatu: mkataba wa pango umeandikwa kwa jina la nani, unakwisha lini, na jengo litabaki kwa nani. Mkataba wa jina ukiwa wa miaka 10 na wa pango miaka mitatu, mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi wakati wateja wameshazoea mahali hapo. Vigae, mabomba na bomba la moshi havihamishiki.

Sheria husaidia kiasi. Nchini Kenya, Sura ya 301 humlinda mpangaji wa duka, hoteli au mgahawa ambaye hana mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Mwenye nyumba hawezi kumwondoa wala kubadili kodi bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na mpangaji anaweza kupinga mbele ya baraza linalosikiliza kesi hizo. Katika mkataba mrefu zaidi, kinachotegemewa hasa ni kile kilichoandikwa. Kwa hiyo kiwango cha kupanda kwa kodi na haki ya kuongeza muda viandikwe tangu siku ya kwanza.

Mkulima mwenye shamba kando ya barabara naye ana la kujifunza. Kukodisha kipande kwa mgahawa kunaweza kumpa kipato cha kila mwezi bila kuuza ardhi. Lakini katika mpango wa Sonneborn, wenye viwanja walikubali ardhi yao iwe dhamana ya mkopo wa kujenga. Mkopo usipolipwa, benki huidai ardhi hiyo. Mwenye hati aikodishe ardhi yake, asiiweke rehani kwa deni la mpangaji, na wakili asome mkataba kabla ya kutia saini.

Mali bila daftari hupotea bila habari.