Friji ya Nyumbani: Jinsi ya Kutunza Kuku, Samaki na Kiporo Bila Kuumiza Watu

Tumezoea kuongelea mbegu na mbolea, leo tuingie jikoni kidogo. Vijana wengi hapa Galula mna friji, na friji hiyo moja inaweka mboga ya nyumbani, kuku wa oda na samaki wa Ziwa Rukwa. Chukulia una oda ya kuku 20 kwa shilingi 15,000 kila mmoja. Hiyo ni 300,000. Wakiharibika umepoteza hela, na mteja akiumwa tumbo umepoteza jina.

Cha kwanza, elewa kwamba friji haiui bakteria, inawapunguzia kasi tu. Bakteria wengi wanaoleta ugonjwa huzaliana haraka kati ya nyuzi joto 5 na 60, na joto letu la bondeni lipo humo humo. Kwa hiyo friji iwe chini ya nyuzi 5, friza iwe hasi 18. Zile namba za kwenye kitufe sio nyuzi joto. Kwenye friji nyingi, namba kubwa maana yake ni ubaridi zaidi. Ukitaka uhakika, weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, acha usiku kucha, soma asubuhi.

Mpangilio

1. Nyama, kuku na samaki wabichi wakae chini kabisa, kwenye chombo chenye mfuniko. Maji ya kuku mbichi yakidondokea chakula kilichoiva, umeshahamisha bakteria, na hicho chakula hakirudi motoni.
2. Chakula kilichopikwa kikae juu, kimefunikwa.
3. Usijaze mpaka mlango ufungwe kwa kusukumwa. Hewa ya baridi lazima izunguke.
4. Nyanya, vitunguu, viazi na ndizi viache nje, sehemu kavu yenye kivuli.

Vikae muda gani?

Kuku mbichi na samaki mbichi ni siku 1 hadi 2. Zaidi ya hapo, gandisha. Mboga iliyopikwa ni siku 3 hadi 4. Wali nausema peke yake, maana sisi ni watu wa wali: kuna bakteria ambao mbegu zao haziuawi na kupika. Wali ukilala kwenye sufuria jikoni, wanaamka na kutoa sumu, na ukiupasha moto sumu ile haiondoki. Ugawe kwenye vyombo vidogo upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa 2, uliwe kesho yake. Na usitegemee pua, chakula chenye bakteria wa ugonjwa kinaweza kunukia vizuri tu.

Umeme ukikatika

Usifungue fungue mlango. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi kama saa 4. Friza iliyojaa huenda saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Ndiyo maana nashauri nafasi iliyobaki kwenye friza ujaze chupa za maji yagande. Umeme ukichelewa kurudi, nyama, maziwa na vyakula vilivyopikwa vilivyokaa juu ya nyuzi 5 kwa zaidi ya saa 2 usile wala usiuze.

Chanjo na dawa

Chanjo nyingi za kuku hutunzwa nyuzi 2 hadi 8, zisigande. Soma maelekezo ya chupa. Ukilazimika kuziweka friji ya nyumbani, zifungie kwenye kopo lenye mfuniko, andika jina, weka katikati, sio mlangoni ambako joto hupanda kila ukifungua. Viuatilifu vya shambani haviingii kwenye friji ya chakula hata siku moja, hata kama chupa imefungwa. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma lebo.

Leo jioni fungua friji yako uangalie kitu kimoja tu: kuku mbichi yupo juu au chini? Anzia hapo. Mwenye swali anipate ofisini, au tukutane shambani.