Ukimya wa njia za Ayalandi una gharama yake

Wako watu wanaoamini kwamba kuendesha baiskeli ni kazi ya miguu na mapafu tu, na kwamba akili ya mwendeshaji huachwa nyumbani pamoja na vitabu vyake. Siafikiani nao hata kidogo. Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa historia na jiografia hana chombo kimfaacho kuliko baiskeli. Mwendo wake si wa kasi kiasi cha kumnyima mtu fursa ya kutazama, wala si wa kujikokota kiasi cha kumchosha kabla hajafika mbali. Ushahidi wangu ninautoa Ayalandi, nchi ambayo wageni huiendea ili wazunguke mashambani kwa baiskeli, na ambayo njia zake tulivu zimebeba mambo mazito.

Nianze na njia iitwayo Great Western Greenway, katika kaunti ya Mayo, magharibi mwa nchi hiyo. Urefu wake ni kilomita 42. Huanzia mji wa Westport, ikapitia Newport na Mulranny, kisha ikaishia Achill, kisiwa kilichounganishwa na bara kwa daraja. Niliipitia kwa baiskeli ya kukodi, na kwa kuwa aisifuye mvua imemnyea, naweza kusema kwamba mvua ya Mayo humpiga mtu ubavuni, ikisukumwa na upepo wa Bahari ya Atlantiki. Lakini wingu likipasuka, msafiri huiona Ghuba ya Clew upande wake wa kushoto pamoja na visiwa vyake vidogo vidogo, na ng'ambo ya maji kilele cha mlima Croagh Patrick. Upande wa kulia ni milima, nyika za mboji na kondoo wasiomjali mpita njia. Mtu huweza kwenda mwendo mrefu asisikie chochote ila mnyororo wa baiskeli yake.

Jambo ambalo mwendeshaji hulitambua mapema ni kwamba njia hii haina miinuko mikali. Hilo halikutokea kwa bahati. Hapo zamani palikuwa na reli, na garimoshi halipandi kilima kama mbuzi. Wajenzi walichimba palipoinuka na kujaza palipoinama, na pale Newport wakajenga daraja la mawe lenye matao 7, ambalo sasa waendesha baiskeli hulivuka kwa raha zao. Reli hiyo ilifika Achill mwaka wa 1895, ikafungwa mwaka wa 1937, na nyasi zikamea palipokuwa na vyuma.

Ilipotakikana kufufuliwa kwa ajili ya baiskeli, hakuna mkulima aliyepokonywa shamba. Wenye ardhi waliombwa ruhusa ili umma upite, nao wakaridhia. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka wa 2010, na njia nzima ikakamilika mwaka wa 2011. Mfano huo uliigwa kwingineko: mwaka wa 2017 ilifunguliwa njia ya kilomita 46 kutoka mji wa Waterford hadi Dungarvan, nayo pia juu ya reli iliyokufa. Wahenga walinena kwamba penye nia pana njia. Walinena pia, mgeni njoo mwenyeji apone, na wenye mikahawa, nyumba za wageni na maduka ya kukodisha baiskeli katika miji hiyo midogo wanaijua maana ya methali hiyo.

Lau kisa kingeishia hapo, kingekuwa cha kupendeza tu. Lakini reli ya Achill ilikuwa na mwanzo na mwisho wa kutisha. Mnamo Juni 1894, kabla haijaanza kazi rasmi, kundi la vijana wa Achill lilipanda mashua kuelekea Westport, ambako meli ingewachukua hadi Uskoti kufanya kibarua cha mavuno. Mashua ilipinduka karibu na gati, na zaidi ya vijana 30 wakafa maji. Treni ya kwanza kwenda Achill ndiyo iliyowarejesha makwao wakiwa maiti. Mnamo Septemba 1937, wavulana na vijana 10 wa Achill waliokuwa wakivuna viazi Uskoti waliteketea kwa moto usiku, wakiwa wamelala katika kibanda cha vibarua mjini Kirkintilloch. Reli ilikuwa imebakiza siku chache ifungwe, na majeneza yao yakawa miongoni mwa mizigo yake ya mwisho. Njia ambayo leo watoto hupita wakicheka juu ya baiskeli ilifunguliwa kwa msiba na kufungwa kwa msiba.

Swali la mwanafunzi makini litakuwa hili: kwa nini vijana hao waende ng'ambo kutafuta kibarua cha viazi? Jibu lake lina mizizi katika miaka ya 1840. Wakati huo mamilioni ya maskini wa Ayalandi waliishi kwa kutegemea zao moja, yaani viazi, vile vile ambavyo Kiingereza cha hapa kwetu kimevibandika jina la nchi hiyo. Mwaka wa 1845 ugonjwa wa ukungu uliyashambulia mashamba, na viazi vikaoza ardhini. Kufikia mwaka wa 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja wamehama. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1841 ilionyesha zaidi ya watu milioni 8. Ile ya 1851 ilionyesha milioni 6 na nusu hivi. Na ifahamike kwamba chakula hakikutoweka nchini. Nafaka na mifugo viliendelea kusafirishwa hadi Uingereza, ilhali aliyevikuza hakuwa na uwezo wa kuvinunua.

Kusini mwa Ghuba ya Clew iko barabara nyingine ipendwayo mno na waendesha baiskeli, itokayo Louisburgh na kupita bonde la ziwa Doolough. Sijaona bonde zuri kulishinda: mlima huku, mlima kule, na maji meusi katikati. Katika barabara hiyo, mwishoni mwa Machi 1849, mamia ya watu wenye njaa walitembea kilomita 19 hivi hadi nyumba ya Delphi, kwa kuwa waliokuwa wakisimamia misaada ya maskini walitaka kuwakagua huko. Waliambulia patupu, wakarudi walikotoka katika baridi kali, na wengine walifia njiani. Leo msalaba wa jiwe umesimama kando ya barabara, na matembezi ya ukumbusho yamekuwa yakifanywa hapo. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini alishiriki mwaka wa 1991, kwani aliyeonja dhuluma hahitaji mkalimani wa kumweleza dhuluma ya mwenzake.

Mtu akiisha kuyajua hayo, macho yake huanza kuona upya. Ile mistari iliyolala kwenye vilima vya Achill, ambayo mgeni hudhani ni mapambo ya maumbile, ni matuta ya viazi yaliyoachwa. Chini ya mlima Slievemore kuna magofu ya nyumba za mawe zipatazo 80 au zaidi, hazina paa wala mkazi. Hata vibao vya barabarani husimulia. Vingi vimeandikwa lugha mbili, Kiingereza na Kiayalandi. Na katika maeneo ambako Kiayalandi kingali lugha ya wenyeji, vibao vina lugha hiyo pekee. Barabara kwa Kiayalandi huitwa bóthar, neno lililozaliwa na bó, yaani ng'ombe. Na kijibarabara cha mashambani huitwa bóithrín. Mwalimu wa lugha atafahamu uzito wa jambo hili. Njaa iliwapiga zaidi maskini wa magharibi, na hao ndio waliokuwa wasemaji wakubwa wa lugha hiyo. Walipozikwa au kupanda meli, lugha ilizikwa na kusafiri pamoja nao.

Fauka ya hayo, baiskeli yenyewe ina deni. Tairi la upepo, ambalo lilifanya safari hizi ziwe za starehe, liliundwa Belfast, kaskazini mwa kisiwa hicho, na daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop, mzaliwa wa Uskoti. Mskoti mwingine, Robert Thomson, alikuwa amelibuni wazo hilo miaka ya 1840, lakini ni tairi la Dunlop la 1888 lililoenea duniani. Mpira ukahitajiwa kwa wingi, na huko Kongo, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, watu wakalazimishwa kuugema kwa mijeledi na bunduki. Aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuuchunguza ukatili huo mwaka wa 1903 alikuwa mzaliwa wa Dublin, Roger Casement, na ripoti yake ya mwaka wa 1904 iliushtua ulimwengu. Baadaye aliipigania Ayalandi yake mwenyewe dhidi ya Uingereza. Alikamatwa mwaka wa 1916 baada ya kushuka ufuoni Banna, kaunti ya Kerry, akanyongwa London mwaka huo huo. Ufuo wa Banna nao uko karibu na mji wa Tralee, mwendo mfupi kwa mwenye baiskeli, na una mnara wa kumkumbuka.

Najua atatokea wa kuniuliza: je, mtu aliyekwenda kupumzika ana haja gani ya kubebeshwa misiba ya wafu? Swali hilo ni halali. Simtaki mtu yeyote alie juu ya baiskeli, na mimi mwenyewe nilifurahia kila kilomita. Ninachokataa ni ile tabia ya kuuita ukimya wa Mayo kuwa ni wa asili. Bonde la Doolough halikuwa kimya hivyo tangu kuumbwa. Mengi ya mashambani ya magharibi ni matupu kwa sababu watu waliondolewa na njaa, kodi za makabaila na ukosefu wa kazi. Anayesifu mandhari bila kujua hilo amesoma jalada akaacha kitabu.

Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu wasiwafundishe wanafunzi kuchora ramani kwa penseli tu. Wawafundishe kuihoji njia: nani aliijenga, ilikuwa ikibeba nini, nani aliitumia kuondoka asirudi, na jina lake lilikuwa nani kabla ya hili la sasa? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo kuhusu Achill hatashindwa kuuliza kuhusu barabara anayoipita kila asubuhi akienda shuleni. Waayalandi wameweza kuifanya reli ya majeneza kuwa njia ya furaha pasipo kuufuta msiba wake, wala hawakuona haya kuweka msalaba mahali ambapo mgeni angependa kupiga picha tu. Taifa linalofanya hivyo limekomaa.