Reli Zilizogusana na Reli Zilizoungana

Kitenzi kimoja kikikosewa katika maelekezo ya mchezo wa treni wa kompyuta, treni huacha reli. Mchezaji huambiwa "gusanisha ncha za reli", naye hufanya hivyo. Skrini humwonyesha njia moja iliyonyooka, isiyo na ufa. Lakini treni inapofika hapo, njia huikatikia. Mchezaji hujilaumu bure, kwani aliyeandika maelekezo ndiye aliyeweka gusa mahali pa unga.

Mfano mzuri ni Trainz, mchezo uliotolewa mwaka 2001 na kampuni ya Auran ya Brisbane, Australia. Humo mchezaji haendeshi treni tu. Hujenga pia njia yenyewe. Huchagua aina ya reli, hubofya pale inapoanzia, huivuta kwa kipanya hadi inapoishia, na kila ncha huonekana kama duara dogo. Ili kipande cha pili kiungane na cha kwanza, sharti kianzie ndani ya duara hilo. Hapo programu huyafanya maduara mawili kuwa duara moja la pamoja. Kipande cha tatu kikiungwa hapo hapo, hupatikana njia panda, na mchezo huweka wenyewe wenzo wa kubadilisha njia. Ncha ikiwekwa kando kidogo tu ya duara, macho huona reli moja, ilhali programu huhesabu mbili.

Njia rahisi ya kuhakiki ni kulisogeza au kuliinua duara. Vipande vikiwa vimeungana, vyote viwili huufuata mwendo huo. Vikiwa vimegusana tu, kimoja huenda na kingine hubaki, na pengo lililofichika hujitokeza.

Tofauti hiyo imo tayari ndani ya vitenzi vya Kiswahili. Gusana hueleza kukaribiana hadi kusibaki nafasi. Vitu vilivyogusana bado ni viwili. Ungana hueleza kuwa kitu kimoja. Kutokana na mzizi huo huo, kila kiambishi kina kazi yake:

Unga: mchezaji anaunga reli.
Ungana: reli mbili zimeungana.
Unganisha: mchezaji anaunganisha kipande kipya na njia ya zamani.
Ungika: ncha hizi haziungiki, yaani hazina uwezekano wa kuungwa.

Kwa hiyo "reli hazijaungana" na "reli haziungiki" si taarifa moja. Ya kwanza humwambia mchezaji kuwa kazi haijakamilika; ya pili humwambia aache kujaribu. Mfasiri anayezichanganya humpotezea mtu jioni nzima.

Kuhusu kuweka reli chini, vitenzi viwili vimezoeleka: kulaza na kutandika. Vyote ni sahihi. Kutandaza hufaa zaidi kwa vitu vinavyosambazwa bila kupangwa kimoja kimoja. Ndiyo maana kokoto hutandazwa juu ya tuta, mataruma hupangwa, na reli hulazwa au hutandikwa juu yake. Taruma, ambalo wingi wake ni mataruma, ni neno linalotumika pia kwa mbao za kuimarishia chombo cha baharini. Hakuna haja ya kubuni jingine. Katika kuondoa, kitanda hutanduliwa, lakini reli hung'olewa, kwa kuwa imeshikiliwa kwa misumari au vibano. Amri ya kufuta kipande cha njia katika mchezo basi ingefaa iandikwe "ng'oa reli".

Neno reli lenyewe linahitaji uangalifu. Hutumika kwa chuma kimoja, kwa vyuma viwili pamoja na mataruma yake, na hata kwa mfumo mzima, kama tunaposema Reli ya Kati. Maelekezo yakisema "laza reli mbili", msomaji hawezi kujua kama ni vyuma viwili au njia mbili sambamba. Mahali penye utata, njia ya reli itumike kwa ukamilifu wake, na chuma cha reli kwa upande mmoja.

Ukweli kwamba kukutana si kuungana unaonekana pia nje ya skrini. Kidatu, mkoani Morogoro, reli ya TAZARA, yenye upana wa milimita 1,067 kati ya vyuma vyake, hukutana na tawi la Reli ya Kati linalotoka Kilosa, lenye upana wa milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67 tu, pungufu ya upana wa kiganja, lakini behewa la kawaida la upande mmoja haliwezi kuendelea upande wa pili. Ndiyo maana pakawekwa kituo cha kuhamishia shehena kutoka treni moja hadi nyingine. Njia hizo zimekutana, hazikuungana.

Kwa hiyo, maelekezo yaliyotajwa mwanzoni yangefaa yasomeke hivi: "Anzia kipande kipya ndani ya duara la kipande cha zamani, mpaka viungane." Kitenzi hicho kinamwambia mchezaji anachopaswa kukihakiki kabla treni haijaondoka stesheni.