Viazi vya Jana: Namna ya Kuvihifadhi na Kuvipasha Moto

Viazi ni chakula cha kila siku katika nyumba nyingi za Kisumu na za mwambao wote wa ziwa. Viazi vitamu, ambavyo Wajaluo huviita rabuon, hutoka Kabondo na sehemu nyingine za Homa Bay. Viazi vya Ulaya, au waru, hupakiwa magarini huko Molo, Bomet na Nyandarua, vikaja kuuzwa katika soko la Kibuye. Aina hizi mbili si za ukoo mmoja wa mimea, lakini vikisha kuchemshwa na kupoa huwa na tabia moja, na tabia hiyo ndiyo tutakayo kuieleza katika makala hii.

Aghalabu mama wa nyumba hupika sufuria kubwa jioni. Watu hula wakashiba, na vinavyobaki hufunikwa na kuachwa jikoni hadi asubuhi, kisha hupashwa moto vikaliwa kwa chai. Kiporo cha namna hii ni desturi ya zamani, wala hatusemi kwamba kila akilaye huugua. Wako walao miaka mingi wasidhurike. Lakini wako pia waamkao salama, na ifikapo saa nne wakawa wanatapika na kuharisha. Hapo lawama hutupiwa maji, au samaki, au pengine jirani aliyewakaribisha jana yake. Kiazi hakishukiwi hata kidogo, kwa kuwa kilipashwa moto sawasawa mbele ya macho ya watu wote.

Imani hiyo, kwamba moto wa pili huondoa kila ubaya ulioingia usiku, ndiyo asili ya matata. Yafaa msomaji ajue jambo linalotokea ndani ya sufuria wakati yeye amelala.

Kiazi hukua udongoni, na udongoni mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Baadhi ya vijidudu hivi, vikipatwa na shida ya joto au ukavu, hujifungia ndani ya ganda gumu mfano wa mbegu, vikangoja siku njema. Mji wa Kisumu uko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,130, kwa hiyo maji hapa huchemka kabla ya kufika digrii 100. Huchemka kwenye digrii 96 hivi za sentigredi. Joto hilo latosha kuivisha kiazi na kuua vijidudu vilivyo wazi, lakini haliziui mbegu hizo. Hata digrii 100 kamili haziziui zote. Basi sufuria ikiepuliwa na kuanza kupoa, mbegu huona kwamba mvua imenyesha: kuna joto la wastani, kuna unyevu, kuna wanga tele, wala hakuna kijidudu kingine cha kushindana nacho. Huamka.

Wataalamu wa afya husema kwamba chakula kilicho kati ya digrii 5 na digrii 60 kimo katika eneo la hatari, na hewa ya Kisumu, ambayo mchana hukaribia digrii 30, imo katikati ya eneo hilo. Chukua kijidudu kimoja tu. Kikipata mahali panapokifaa, chaweza kugawanyika kuwa viwili kila baada ya dakika 20. Fanya hesabu: baada ya saa moja vipo 8, baada ya saa mbili 64, na baada ya saa saba vimepita milioni mbili. Sufuria iliyoepuliwa saa tatu usiku na kufunguliwa saa kumi na moja alfajiri imekaa saa nane.

Mtu aweza kujibu, "Haidhuru, nitavichemsha, vife." Ndiyo, vitakufa. Lakini baadhi yake huacha sumu ndani ya chakula, na sumu si kiumbe hai hata ife. Kimoja, ambacho wataalamu hukiita Bacillus cereus, hutoa sumu ya kutapisha ambayo imejaribiwa kwa joto la digrii 121 kwa dakika 90 isiharibike. Hakuna sufuria wala karai la mafuta jikoni mwetu litakaloishinda sumu hiyo. Kingine, Staphylococcus, hukaa puani na katika ngozi ya mwanadamu, nacho huingia chakulani kwa mikono wakati wa kumenya na kuponda. Sumu yake pia huvumilia kuchemshwa. Chakula chenye sumu hizi chaweza kuwa na harufu njema na ladha ileile ya jana. Hapa kiazi chatofautiana na samaki. Mbuta akiharibika hutangaza mwenyewe, na mnunuzi wa Dunga hamgusi, kiazi hunyamaza.

Kwa hiyo kazi kubwa si kupasha moto, bali ni kupoza upesi. Viazi vinavyobaki vitolewe katika sufuria mara watu wamalizapo kula. Vikubwa vikatwe vipande, vitandazwe katika sinia pana, na sinia liwekwe juu ya beseni lenye maji baridi, huku limefunikwa kwa wavu au kitambaa chepesi ili nzi wasitue na mvuke upate kutoka. Lundo la viazi katika sufuria nene yenye kifuniko hubaki vuguvugu moyoni kwa saa nyingi. Katika matanga na harusi, ambapo hupikwa sufuria za kulisha watu mia, jambo hili ni kubwa zaidi, maana sufuria ya namna hiyo yaweza kukesha na joto lake hadi asubuhi, na wapishi wakafurahi kwamba chakula bado ni moto. Umoto huo wa kuweza kutia mkono ndio mbaya kuliko wote.

Neno hilohilo lahusu hotpoti. Chombo hiki ni kizuri, nasi hatukikatazi. Viazi vikitiwa vikiwa vinatoa mvuke, hukaa salama muda wote vipitao digrii 60, nao ni saa chache tu, hasa chombo kikifunguliwa mara kwa mara. Baada ya hapo hotpoti hugeuka kiota: huhifadhi lile vuguvugu lipendwalo na vijidudu. Mtoto apelekaye viazi shuleni atiliwe vikiwa moto kweli, katika hotpoti iliyosuuzwa kwanza kwa maji yanayochemka, na masalio atakayorudi nayo jioni yatupwe au wapewe kuku.

Mwenye friji aiweke sinia humo kabla ya saa mbili kupita tangu viazi viepuliwe. Siku ya joto kali, lipitalo digrii 32, muda huo ni saa moja tu. Vikae katika chombo chenye kifuniko, mbali na nyama mbichi, na viliwe katika siku tatu au nne. Viazi vilivyopondwa kwa maziwa visingojewe hata hivyo, kwani vimeshikwa na mikono zaidi. Umeme ukikatika, mlango wa friji usifunguliwe. Ukikaa umefungwa, baridi hudumu kwa kadiri ya saa nne. Wako wanaotumia makasha ya barafu kama yale ya wauza samaki. Njia hiyo yafaa kwa muda mfupi, ila barafu iliyogusa samaki isiguse chakula kilichopikwa. Mtungi wa udongo, uliozoeleka kwa maji ya kunywa, na vilevile kabati la makaa yaliyoloweshwa, hupunguza joto kwa digrii kadhaa, na mboga mbichi hupata nafuu humo. Lakini haviwezi kukaribia digrii 5, na kiporo kisitiwe humo kwa kudhani kimehifadhiwa.

Yatupasa kutahadharisha hapa kwamba viazi vibichi ni kinyume chake. Hivyo visiwekwe katika friji. Viazi vitamu huumizwa na baridi, vikawa na moyo mgumu usioiva; na waru hugeuza wanga wake kuwa sukari, vikikaangwa vikawa vyeusi kabla ya kuiva.

Siku hizi wengine huoka viazi ndani ya karatasi ya alumini. Vikishaiva karatasi ifunguliwe. Katika mwezi wa Aprili 1994, mjini El Paso, Marekani, watu 30 waliugua baada ya kula katika mkahawa mmoja kitoweo cha viazi. Ilionekana kwamba viazi viliokwa ndani ya karatasi hiyo, vikaachwa siku kadhaa katika joto la chumba bila kufunguliwa, kisha vikapondwa. Ndani ya karatasi hapakuwa na hewa, na kuna kijidudu cha udongoni, Clostridium botulinum, ambacho hustawi pasipo hewa na kutoa sumu ilegezayo mishipa ya mwili, hata ile ya kuvutia pumzi. Sumu hii, tofauti na zile za kwanza, huharibika ikichemshwa vizuri. Lakini kitoweo kile kililiwa baridi.

Sasa tuje kwenye kupasha moto, jambo ambalo likitanguliwa na kupoza vema halina matata. Toa kiasi kitakacholiwa tu, kingine kibaki baridini. Viazi vya kuchemsha vikatwe vipande, vinyunyiziwe maji kidogo, vifunikwe na kugeuzwa mpaka mvuke utoke katika kila kipande. Kata kimoja kikubwa uguse moyo wake, usipouchoma ulimi bado. Wenye kipimo watafute digrii 74 ndani kabisa. Viazi vya mchuzi vichemke vikitokota, si kuvuguvugishwa pembeni mwa jiko. Ukaangaji pia wafaa sana, maana kiazi kilicholala katika baridi wanga wake hukakamaa, hakivunjiki katika mafuta. Mwenye kibanda cha chipsi akaangaye nusu asubuhi na kumalizia mteja ajapo, naye aziweke zile za nusu katika baridi, si katika beseni juani. Na kilichopashwa moto mara moja kisirudishwe kuhifadhiwa.

Ikiwa mtu ameugua baada ya kula, kutapika huanza aghalabu kati ya nusu saa na saa sita. Wengi hupona kwa siku moja, lakini mtoto mdogo hukaukiwa na maji upesi. Apewe maji ya ORS kidogo kidogo. Kama pakiti haipo, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta, katika lita moja ya maji safi. Akiwa na damu katika choo, au hawezi kunywa, au amelegea, apelekwe hospitali. Mtu yeyote anayeona vitu viwiliviwili, ambaye kope zinamlemea na ulimi unamtatiza, asingojeshwe hata saa moja.

Tumesema mengi juu ya friji, na nyumba nyingi za Nyakach, Seme, Bondo na visiwani hazina friji. Shauri letu kwa hao ni kupika cha kuliwa leo. Jambo hili si gumu kwa viazi vitamu kama lilivyo kwa vyakula vingine, kwa sababu ghala lake ni ardhi yenyewe: mama huchimbua viwili vitatu vya siku hiyo kwa ncha ya panga, akafukia shina, vingine vikaendelea kukaa.

Lakini ardhi haihifadhi daima. Kiangazi kikizidi udongo hupasuka, na fukusi huingia kwa nyufa na kuvitoboa viazi. Watu wa ziwa hili wana dawa ya siku nyingi kwa jambo hilo. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Wasukuma kuzunguka Mwanza na Shinyanga, viazi vitamu hukatwa vibichi na kuanikwa, navyo huitwa michembe. Au huchemshwa kwanza, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani siku kadhaa hadi vikakauke kabisa, navyo huitwa matobolwa. Wateso wa Uganda nao wana amukeke, vipande vilivyokatwa, na inginyo, vilivyopondwa kabla ya kuanikwa. Asiyeamini nguvu ya jua na atazame omena ufukoni. Maji yakiondoka, vijidudu havina cha kunywa, wala mbegu zake haziamki.

Matobolwa ndiyo hasa viazi vilivyopikwa na kuhifadhiwa bila umeme, na sisi wa upande huu twaweza kuyatengeneza vizuri katika Januari na Februari, kabla ya masika. Vipande viwe vyembamba, vianikwe siku ileile ya kuchemshwa, juu ya chanja au mkeka safi ulioinuliwa kutoka chini, na viingizwe ndani jioni umande usivipate. Viko tayari vinapovunjika kwa mlio, kinachopindika hakijakauka. Vikitiwa katika debe lenye kifuniko hukaa miezi, ingawa vile vya rangi ya chungwa hupungukiwa na vitamini A kadiri vikaavyo, na vyafaa kuliwa mapema. Siku ya kula huoshwa, huchemshwa mpaka vilainike, vikaliwa kwa chai au kwa maharagwe. Hapo vimekunywa maji tena, na saa mbili zile huanza kuhesabiwa upya.